UZI: Tajiri akinunua klabu, cha kwanza anachokipata ni mdomo wa shabiki

Heshima kwenu wakuu. Uzi ni mrefu na naandika kwa simu nikiwa kazini, kwa hiyo nitaushusha kwa vipande. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Naanza na mechi moja. Jumapili, 13 Machi 2022, Chelsea na Newcastle, Stamford Bridge. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mimi ni Chelsea tangu 2004, mwaka ule walipofika Mourinho na Drogba, na mechi naziangalia kwenye kibanda umiza kimoja huku Mbagala. Buku kwa viti vya plastiki vya mbele, jero kwa mabenchi ya nyuma. Siku ile kulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni.

Sasa tazama waliokutana uwanjani. Siku tatu kabla, Alhamisi, serikali ya Uingereza ilikuwa imezuia mali za Roman Abramovich, tajiri wa Kirusi mwenye Chelsea, kwa maelezo kwamba ni mtu wa karibu na Putin. Vita vya Ukraine vilikuwa na wiki mbili tu. Chelsea ikawa inaishi kwa leseni maalumu ya serikali: duka la jezi limefungwa, tiketi mpya haziuzwi, mchezaji haongezewi mkataba, safari ya ugenini isizidi pauni 20,000. Upande wa pili ni Newcastle, ambayo asilimia 80 ilikuwa imechukuliwa na PIF, mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, mwenyekiti wake akiwa mrithi wa ufalme, Mohammed bin Salman mwenyewe. Na Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, Saudi Arabia ilitangaza kwamba imetekeleza hukumu ya kifo kwa watu 81. Watu 81 kwa mpigo.

Baada ya mechi waandishi walimuuliza Eddie Howe, kocha wa Newcastle, kuhusu hao watu 81. Akajibu kwamba yeye atazungumzia mpira tu.

Sisi bandani hata hilo swali hatukuulizana. Tulikuwa tunabishana kama Havertz ni straika au siyo. Mimi ndiye niliyekuwa napaza sauti kuliko wote.

Dakika za themanini na kitu, mama anayekaanga mihogo nje ya banda akasogea mlangoni na beseni lake mkononi. Mpira haufuatilii kabisa, alikuwa anapumzika moshi. Akauliza hawa wanaocheza na Chelsea ni kina nani. Kijana mmoja akamjibu, "Newcastle mama, timu ya Wasaudi, wana hela hao ni hatari." Mama akauliza, "Wasaudi wa Riyadh?" Akaambiwa haohao. Akasema binti yake yuko Riyadh, anafanya kazi za ndani. Pasipoti walimchukulia siku aliyofika, simu anashikishwa mara moja kwa wiki, na mshahara wa miezi minne hajauona. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida tu, wala hakuwa na hasira:

"Sasa hizo za kununulia timu wanazitoa wapi, kama za kumlipa mtu anayewafulia hawana?"

Dakika ya 89 Havertz akafunga. Moja bila. Tukaenda nyumbani.

Najua binti wa yule mama hakuajiriwa na PIF, aliajiriwa na familia moja tu huko Riyadh, naomba msinirudishie hilo kwenye komenti. Lakini lile swali halijawahi kuniacha, na ndilo limenileta hapa.

*

Nimerudi. Tuendelee.

Kwa Kiswahili chetu neno "tajiri" lina sura mbili. Tajiri ni mwenye mali, na tajiri pia ni mwenye kazi, yule ambaye dereva wa daladala anampelekea hesabu jioni. Kwenye mpira tunalitumia kwa sura ya kwanza tu: "timu imepata tajiri", tunashangilia. Ya pili tunaisahau. Kumbe tajiri akiingia, hata sisi mashabiki tunakuwa watu wake wa kazi, na kazi tunayompa ni kusema.

Uwanja una bei. Wachezaji wana bei. Nembo ina bei. Mdomo wa shabiki tajiri anaupata kama nyongeza, kama yule mama wa sokoni anavyokuongezea nyanya mbili juu ya fungu. Na kwangu mimi hiyo nyongeza ndiyo bidhaa yenyewe, hasa kwa matajiri ambao ni serikali. Pesa wanazo tayari. Wanachokosa ni watu wa kawaida, wasiolipwa, wa Manchester na Mbagala na Mombasa, watakaoamka asubuhi kumtetea mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Ushahidi wangu wa kwanza ni mimi mwenyewe. Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003 kwa takriban pauni milioni 140 pamoja na madeni. Kwa miaka karibu ishirini mtu akiniuliza zile pesa za mafuta ya Urusi zilipatikanaje miaka ya tisini, wakati mali ya umma inagawanywa kwa wachache, nilikuwa na jibu mfukoni: "Kwani ya kwenu ilipatikanaje?" Hilo siyo jibu, ni ngao, na niliibeba bila kuulizwa na mtu yeyote wa London.

Wa pili ni wenzangu waliokuwa uwanjani Burnley tarehe 5 Machi 2022. Mashabiki walikuwa wanapiga makofi ya dakika moja kuwaunga mkono watu wa Ukraine. Katikati ya makofi hayo, upande wa Chelsea ukaanza kuliimba jina la Abramovich. Tuchel, kocha wao wenyewe, akasema hadharani kwamba huo haukuwa wakati wake. Nilimheshimu sana siku ile, kwa sababu mimi nilikuwa nimeimba pamoja nao kwenye benchi huku Mbagala.

Wa tatu ni rafiki yangu wa Manchester City, fundi wa friji, mtu mwema sana. Sheikh Mansour wa Abu Dhabi aliinunua City mwaka 2008 kutoka kwa Thaksin Shinawatra, waziri mkuu wa zamani wa Thailand. Leo huyu fundi wangu anaijua hukumu ya CAS, mahakama ya michezo, ya Julai 2020 kama mwanasheria: UEFA ilitaka kuwafungia miaka miwili kwa mambo ya kanuni za fedha, CAS ikafuta kifungo, faini ikashuka kutoka euro milioni 30 hadi 10. Ligi Kuu ilipowafungulia mashtaka zaidi ya mia Februari 2023, mashtaka ambayo klabu inayakana, jamaa alikuwa na utetezi kabla klabu haijatoa taarifa. Mpira tulikuwa tunaupenda kwa sababu ya pasi na chenga. Siku hizi tunakesha kwenye hesabu za mizania na vifungu vya mikataba, tukiwa mawakili wa mtu ambaye ana mawakili wake.

*

Kuna mdau ameandika hapo juu: "Mkuu, hizo ni siasa. Ligi ilimkagua Msaudi kwa vigezo ikamruhusu, sisi ni nani?"

Nakujibu kwa heshima, kwa sababu ukaguzi wenyewe ndio ulionitisha.

PIF walijaribu kuinunua Newcastle tangu 2020. Jamal Khashoggi, mwandishi wa Kisaudi aliyeikosoa serikali yake, alikuwa ameuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul tarehe 2 Oktoba 2018, na mchumba wake, Hatice Cengiz, aliyekuwa akimsubiri nje siku ile, aliiomba Ligi Kuu isiruhusu mauzo. Mauzo yakakwama, na Julai 2020 wanunuzi wakajitoa. Ukisikia hivyo utasema ligi ina utu. Lakini kikwazo kilichokuwa kinazungumzwa zaidi kilikuwa televisheni. beIN Sports ya Qatar ilikuwa na haki za kuonyesha ligi kule Mashariki ya Kati, Saudi Arabia ilikuwa imeipiga marufuku, na matangazo yake yalikuwa yanaibwa na kurushwa kwenye chaneli ya wizi. Tarehe 6 Oktoba 2021 zikatoka habari kwamba marufuku hiyo inaondolewa. Tarehe 7 Oktoba mauzo yakaidhinishwa, pauni milioni 305. Siku moja tu wakuu. Kifo cha mtu hakikuzuia biashara, dishi ndilo lililozuia.

Na ligi ikatangaza kwamba imepewa uhakikisho wa kisheria kuwa dola ya Saudi Arabia haitaiendesha klabu, kwamba PIF ni kitu kingine na serikali ni kitu kingine. Sawa. Mwaka 2023, kwenye kesi ya gofu huko California, PIF hiyohiyo ikataka kukwepa kutoa nyaraka. Unajua iliiambia nini mahakama? Kwamba yenyewe ni chombo cha dola ya Saudi Arabia, na kwamba mkuu wake Yasir Al-Rumayyan, ambaye ndiye mwenyekiti wa Newcastle, ni waziri aliye madarakani, kwa hiyo wana kinga ya kidola. Kule Newcastle siyo serikali, ikifika California ni serikali. Hicho ndicho kigezo ulichonitajia mkuu.

Sasa sikia upande wa mashabiki, maana sitaki kuwahukumu watu wa Newcastle kutoka kwenye benchi langu. Walikuwa wamekaa miaka 14 na Mike Ashley, Mwingereza mwenzao mwenye maduka ya vifaa vya michezo, aliyeiendesha timu kama ghala la viatu. Kombe kubwa la nyumbani mara ya mwisho walilibeba 1955. Mtu amezaliwa, ameoa, ameota mvi, hajaona kitu. Tarehe 17 Oktoba 2021, mechi ya kwanza ya tajiri mpya, wengine walikuja uwanjani wamevaa kanzu na vilemba vya Kisaudi, na Tottenham ikawapiga 3-2. Na Machi 2025 walipoifunga Liverpool 2-1 Wembley na kubeba Kombe la Carabao, niliwaona wazee kwenye televisheni wanalia kama watoto, na mimi machozi yalinilenga. Furaha ile ni ya kweli. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Furaha ingekuwa feki, uzi huu usingekuwa na maana.

*

"Tatizo lako ni ubaguzi, kwa nini Waarabu na Warusi tu?" Hili nimeulizwa na watu watatu. Ni swali la haki.

Haya, twende Marekani. Familia ya Glazer iliinunua Manchester United mwaka 2005. Klabu haikuwa na deni. Walichofanya tuseme kwa lugha ya stendi. Mtu anataka kununua daladala yako inayoingiza hesabu nzuri. Hana hela. Anakopa benki, ananunua, halafu lile deni analiandika kwa jina la daladala. Kuanzia hapo gari linakimbia ruti kulipa mkopo ulionunulia gari lenyewe, na tajiri akipata shida anachukua gawio juu yake. Riba peke yake imekula mamia ya mamilioni ya pauni kwa miaka ile, huku paa la Old Trafford linavuja. Mashabiki wengine walikataa tangu siku ya kwanza, wakaanzisha timu yao wenyewe, FC United of Manchester, mwaka uleule wa 2005. Mwaka 2010 wengine wakavaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la kwanza la klabu. Alipokuja Jim Ratcliffe mwaka 2024, mzaliwa wa viunga vya Manchester, akanunua zaidi ya robo ya hisa, wafanyakazi wa kawaida wa klabu wakapunguzwa kwa mamia. Kwa hiyo utaifa haukuwasaidia wapishi wa kantini.

Na Bury je? Klabu ya tangu 1885, ikauzwa kwa pauni moja Desemba 2018 kwa Mwingereza, na Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kuonyesha kwamba ina fedha za kujiendesha. Hakuna mgeni hapo.

Wageni wema nao wapo, na nitakuwa mwongo nikinyamaza. Vichai Srivaddhanaprabha, Mthailand, aliichukua Leicester 2010. Ikabeba ubingwa 2016. Alitoa pauni milioni mbili kwa ajili ya hospitali ya watoto ya mji ule. Helikopta yake ilipoanguka nje ya uwanja tarehe 27 Oktoba 2018, mji mzima uliweka maua kwa siku kadhaa, na hakuna aliyewalipa kulia. Nadhani tofauti yake haikuwa pasipoti. Alionekana. Ungeweza kukutana naye, ungeweza kumuudhi, angekusikia. Ila hata hapo, ukitafakari, watu wa Leicester walibahatisha tu. Mtu mwema alikuja. Angekuja mwingine, wasingekuwa na kura ya kumkataa, kama Cardiff ambako Vincent Tan aliamka 2012 akabadilisha timu ya bluu kuwa nyekundu, na watu wakalala na kuamka na rangi ya mtu mmoja mpaka Januari 2015.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Swali langu siyo tajiri anatoka wapi. Swali ni: akikosea, nani wa kumwambia hapana, na je, sisi bado tuna mdomo wa kusema hivyo au tulishaukabidhi pamoja na funguo?

*

Nilipata kazi nikaacha simu. Tuendelee, na hapa ni karibu na kwetu.

PSG ni ya Qatar tangu 2011. Mwaka 2017 walimnunua Neymar kwa euro milioni 222, na bei hiyo ikavuruga soko zima. Wengi mnaijua hiyo. Wachache wanamjua Malcolm Bidali. Huyu ni Mkenya, alikuwa mlinzi Doha, na kwa jina la siri alikuwa anaandika mtandaoni jinsi walinzi na vibarua wenzake wanavyoishi: vyumba vilivyojaa, zamu ndefu, namna mtu anavyofungwa kwa mwajiri wake. Mei 2021 walimkamata, akawekwa peke yake karibu mwezi mzima. Julai wakampiga faini ya riyali 25,000 kwa kosa la kusambaza habari za uongo. Agosti akaondoka nchini. Mwezi huohuo wa Agosti 2021, PSG ikamtambulisha Messi, na hapa Dar jezi namba 30 ikafika Kariakoo kabla hata hajacheza. Mimi siyo PSG lakini nilimnunulia mdogo wangu. Elfu kumi na tano. Mtu wa kwetu, anayeongea Kiswahili kama mimi, alilipishwa faini kwa sababu ya maneno, na mimi nikamlipia aliyemlipisha tangazo la kifuani kwa mdogo wangu. Sikujua. Ningejua, sina hakika ningefanya tofauti siku ile, na ndiyo maana naandika.

Ndugu wa Goma, Kongo, amenikumbusha Visit Rwanda, lile tangazo la utalii wa Rwanda kwenye klabu za Ulaya, na ameniomba nisipite. Sipiti. Ule siyo umiliki, ni udhamini, lakini ulimi unaokodiwa na ulimi unaonunuliwa ni ulimi uleule. Arsenal walianza 2018, PSG 2019, Bayern 2023. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Serikali ya Kongo iliziandikia klabu hizo tatu ikizitaka ziachane na mikataba, ikiishutumu Rwanda kuwa nyuma ya waasi, jambo ambalo Kigali inalikataa. Ndugu yetu anasema wakati umeme umekatika na risasi zinalia mtaani kwao, mpwa wake alikuwa amelala chini ya kitanda na jezi ya Arsenal, yenye maandishi yale mkononi. Sina cha kuongeza hapo. Wanyarwanda waliomo humu mtakuwa na lenu la kusema na nitalisoma, ila naomba tusimrushie ndugu huyu matusi. Amesimulia aliyoyaona.

*

Dada mmoja ameuliza swali zuri kuliko yote: "Kwani kuna mahali shabiki amewahi kushinda?"

Ndiyo dada. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu 12 tajiri zilitangaza Super League, ligi yao ya kujitenga, sita za Uingereza, Chelsea ikiwemo. Tarehe 20 mashabiki wa Chelsea walijaa barabarani nje ya Stamford Bridge, basi la wachezaji likashindwa kuingia. Petr Čech, golikipa wetu, wakati huo akiwa kiongozi wa klabu, akatoka kwa miguu akiwasihi watu wafungue njia wampe muda. Usiku ule mpango ukaanza kuvunjika, klabu moja baada ya nyingine. Siku ile midomo ilikuwa yetu. Nawakumbusha wana-Chelsea kwa sababu ni watu walewale: mwezi Aprili 2021 walimsimamisha Abramovich, Machi 2022 wakamwimba juu ya makofi ya Ukraine. Mdomo mmoja.

Wajerumani wao wameuweka mdomo kwenye kanuni. Tangu 1998 wana utaratibu wa 50+1: klabu inaweza kuuza hisa, lakini kura nyingi zinabaki kwa wanachama. Kuna matundu, Leverkusen ni ya kampuni ya dawa ya Bayer na Wolfsburg ni ya Volkswagen, na Leipzig ya Red Bull ilipita kwa kuwa na wanachama wachache mno wenye kura. Hata hivyo Februari 2024, ligi yao ilipotaka kuuza sehemu ya mapato ya televisheni kwa mwekezaji, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki, mechi zinasimama, waokotaji mipira wanahangaika, mpaka tarehe 21 Februari ligi ikaachana na mpango. Mipira ya tenisi wakuu.

Na msisahau kwamba kitu hicho sisi tunacho. Serikali yetu ilipoweka kanuni kwamba klabu ya wanachama ikimkaribisha mwekezaji asizidi asilimia 49 na 51 zibaki kwa wanachama, watu wengi mitandaoni walilalamika kwamba inafukuza pesa. Simba walipompitisha Mohammed Dewji Desemba 2017 kwa shilingi bilioni 20, mwishowe hisa zake zilibaki ndani ya mstari huo, na Yanga wakapita njia hiyohiyo. Hawa ni Watanzania, siyo wageni, lakini swali ni lilelile. Mimi nina kadi ya uanachama ya mojawapo ya hizo mbili, sitaji ipi ili uzi usiharibike. Nimehudhuria mkutano mkuu. Nimemwona mzee wa miaka sabini na kitu, kanzu yake imefifia kola, amesimama mbele ya kipaza sauti anawaambia viongozi, "Mimi nilichangia nauli ya timu hii mlipokuwa hamjazaliwa, nijibuni." Ukumbi ukatulia. Wakamjibu. Jibu lenyewe halikuwa zuri, lakini walilazimika kumjibu. Nimeishangilia Chelsea zaidi ya miaka ishirini na sina mahali popote pa kusimama nikaambiwa "jibu hili hapa". Hata yule mkazi wa Fulham, mtaa ulipo uwanja wa Chelsea, hana.

Kwa hiyo mnaosema "51 zinatuchelewesha, tumpe tajiri zote", fikirini mara mbili. Mkono mtupu haulambwi, nalijua hilo, lakini mkono unaolambwa kila siku haukemewi tena.

*

Kipande cha mwisho. Hiki kimeniuma kuliko vyote kwa sababu safari hii anayelalamikiwa ni sisi.

Chelsea iliuzwa Mei 2022 kwa pauni bilioni 2.5 kwa Mmarekani Todd Boehly na kampuni ya uwekezaji ya Clearlake. Fedha hizo zilikusudiwa kwenda kwa waathirika wa vita vya Ukraine, na miaka mitatu baadaye zilikuwa bado zimefungiwa benki Uingereza kwa sababu ya mvutano kuhusu zitumikeje. Niliahidi moyoni kwamba nikipata tajiri mwingine nitakuwa na macho.

Juni 2023 matajiri wetu wapya wakanunua klabu ya Strasbourg, Ufaransa. Humu tulifurahi: "tumepata sehemu ya kulea vijana." Nilifurahi na mimi. Nikaja kuona video ya uwanja wa Meinau. Msimu wa 2024/25 wale mashabiki wa nyuma ya goli, ambao ndio wenye kelele za uwanja ule, walikuwa wanakaa kimya dakika 15 za mwanzo za mechi. Kimya kabisa. Unasikia mpira unavyogonga kiatu, unamsikia kipa anavyowapanga mabeki. Dakika ya 15 ikifika ndipo wanaimba. Wanapinga kuwa tawi la klabu ya watu wengine, na watu wengine wenyewe ni mimi na wewe. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba nahodha wao Emegha atahamia Chelsea msimu unaofuata, akiwa bado amevaa kitambaa chao. Wakainua bango la kumtaka akirudishe.

Nikafungua komenti za wana-Chelsea kuona tunawajibuje. "Bila pesa yetu mko wapi?" "Shukuruni." Nilikuta na jina langu hapo, nimeandika mwaka mmoja kabla, nimesahau: "Timu ndogo inalilia nini?" Nimeifuta. Nimeandika tena chini yake kwa Kifaransa cha kutafsiriwa na simu, kwamba ninawaelewa. Hakuna aliyejibu, na si lazima.

Mnaniuliza kama nimeacha kuangalia Chelsea. Sijaacha. Jumamosi nitakuwa kwenye benchi lilelile. Nilichoacha ni kumtetea mwenye nayo. Kijana akisema bandani kwamba Clearlake wameiuza timu ya wanawake kwa kampuni yao wenyewe ili mahesabu yakae sawa, namwambia ndiyo, wamefanya, na siyo jambo zuri, halafu tunaangalia mechi.

Kuna aliyeuliza, na nimelikwepa swali lake tangu juzi: "Yule mama ulimjibu nini?"

Sikumjibu. Alipomaliza kuuliza, mpira ulikuwa kwa Jorginho, akaupiga mrefu, Havertz akautuliza, akafunga. Niliruka, nikamkumbatia mtu nisiyemjua, kiti kikaanguka. Nilipogeuka mama alikuwa ameshatoka mlangoni, yuko kwenye karai lake anageuza mihogo.

Binti alirudi 2023. Yuko salama, anauza nguo za watoto hapa Mbagala Rangi Tatu. Ile miezi minne hakulipwa.